Bima Inapokataa Kulipia Matibabu ya Unene

Mtu akisikia kwamba jimbo lake huko Marekani limepitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za bima kulipia matibabu ya unene, hudhani shida imekwisha. Anakwenda kwa daktari, anaandikiwa sindano ya kila wiki, anafika kwenye dirisha la dawa na kuambiwa bima imekataa. Akiitaka, atoe mfukoni dola zaidi ya elfu moja kwa mwezi. Wengi hugeuka hapo hapo na hawaulizi tena. Nawaandikia hao, ndugu zetu wa Minneapolis, Dallas, Columbus na kwingineko, wanaotembea na kadi za bima ambazo hakuna aliyewahi kuwaeleza zinafanyaje kazi. Ninaloamini nalisema mapema: unene uliokithiri ni ugonjwa, chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilitambua hivyo mwaka 2013, na bima inapaswa kuulipia kama inavyolipia presha na kisukari. Lakini kuamini hivyo hakutakupatia dawa. Kitakachokusaidia ni kujua nani hasa amekukatalia, na kwa sababu gani.

Anza na swali la nani analipa. Jina la kampuni kubwa lililoandikwa kwenye kadi yako halikuambii fedha zinatoka wapi. Wapo waajiri wanaonunua bima: kila mwezi wanailipa kampuni ada, na matibabu ya wafanyakazi yakigharimu zaidi ya hapo, hasara ni ya kampuni. Wapo wengine, hasa wenye wafanyakazi wengi kama maghala, mitandao ya hospitali na viwanda vya nyama, wanaolipia matibabu kutoka kwenye mfuko wao wenyewe. Kwa hao, kampuni iliyo kwenye kadi ni karani tu: inapokea madai, inahesabu, inatuma barua. Tofauti hii haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ya mafao ya wafanyakazi, inayojulikana kama ERISA, inaikinga mifuko ya aina hii ya pili dhidi ya sheria za bima za majimbo. Na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako kwenye mifuko hiyo. Kwa hiyo bunge la jimbo linaweza kupitisha sheria nzuri kabisa ya matibabu ya unene, magazeti yakaiandika, na isikuguse wewe hata kidogo.

Iandikie ofisi ya rasilimali watu kazini kwako, kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi: fedha za kulipia matibabu yetu zinatoka kwa mwajiri au kwa kampuni ya bima? Katika barua hiyo hiyo omba nakala kamili ya mkataba wa mpango wenu wa afya, si kile kijitabu chenye picha za familia zinazotabasamu. Kwa mipango inayotawaliwa na ERISA, msimamizi akiombwa kwa maandishi anatakiwa kuitoa ndani ya siku 30. Ukiipata, tafuta ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Soma kila mstari wenye neno uzito au unene, na usome kwa utulivu, kwa sababu mpango mmoja unaweza kukataa dawa za kupunguza uzito na papo hapo ukalipia upasuaji.

Ukigundua kwamba sheria ya jimbo inakuhusu, iangalie inadai nini hasa. Maryland inataka bima zinazosimamiwa na jimbo zilipie upasuaji wa unene uliokithiri. Virginia inazitaka kampuni ziwe na bima ya aina hiyo ya kuuza. Mwajiri asipoinunua, hakuna aliyevunja sheria. Kwa masikio ya msikiaji sheria hizo mbili zinafanana, lakini kwa mgonjwa moja inampeleka chumba cha upasuaji na nyingine inamwacha nje. Sheria nyingi za majimbo, tena, ziliandikwa zamani na zinazungumzia upasuaji peke yake, kabla ya sindano hizi kuwepo. North Dakota ilikuwa ya kwanza kuziingiza sindano hizo, kwa wagonjwa wanaotimiza masharti, katika kiwango cha huduma ambacho bima za watu binafsi na za waajiri wadogo zinapaswa kutoa, kuanzia mwaka 2025.

Lipo sharti moja linalowafikia karibu wote, na ni la kusikitisha kwamba halijulikani. Sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010, ile inayoitwa Obamacare, inazitaka bima karibu zote, hata ile mifuko ya waajiri, zilipie huduma za kinga zilizopendekezwa na jopo la wataalamu wa taifa, bila wewe kuchangia senti. Mojawapo ni ushauri wa kina na wa mara kwa mara kwa mtu mzima ambaye BMI yake ni 30 au zaidi. Kuipata BMI ni rahisi: chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Mwenye kilo 100 na urefu wa mita 1.65 anapata karibu 37. Ushauri unaozungumziwa hapa si daktari kukwambia upunguze chapati huku ameshika kitasa cha mlango. Wataalamu wanazungumzia programu yenye mikutano 12 au zaidi kwa mwaka wa kwanza, ya chakula, mwendo na tabia. Watoto wa kuanzia miaka 6 wenye unene nao wana pendekezo lao, lililosasishwa mwaka 2024, la saa 26 au zaidi za kukutana na wataalamu. Piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi uulize ni nani karibu yako anayetoa huduma hiyo ndani ya mtandao wao. Hata kama lengo lako ni dawa au upasuaji, anza na hili. Kumbukumbu za mikutano hiyo ndizo utakazozihitaji baadaye.

Wazee tuliowaleta kutoka nyumbani, wakiwa tayari wamepata Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, wana hali yao. Medicare inalipia ushauri wa unene tangu mwaka 2011, na upasuaji tangu 2006 kwa mwenye BMI ya 35 au zaidi pamoja na ugonjwa unaoambatana na unene. Dawa ndiyo iliyofungiwa mlango: sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha mpango wa dawa wa Medicare iliziondoa dawa zinazotumika kupunguza uzito. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ya Biden ilipendekeza kuufungua mlango huo; Aprili 2025 serikali iliyofuata ikaliacha pendekezo hilo; Novemba 2025 ikatangaza makubaliano na watengenezaji wawili wakubwa ili baadhi ya wagonjwa wa Medicare waanze kupata dawa hizo kwa bei nafuu katika mwaka 2026. Kwa hiyo ukimuulizia mama leo, uliza hali ya leo, usitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana. Na usiulize habari ya unene peke yake. Machi 2024 Wegovy, mojawapo ya sindano hizi, iliidhinishwa kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, na Desemba mwaka huo sindano nyingine, Zepbound, ikaidhinishwa kwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini kwa wenye unene. Zikiandikwa kwa sababu hizo, katazo la 2003 halizizuii. Mzee anayekoroma na kushtuka usiku, kisha akasinzia mchana kutwa, apelekwe kupimwa usingizi. Ni ugonjwa unaostahili kutibiwa kwa haki yake, mbali kabisa na habari za bima.

Kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kila jimbo linaamua lenyewe kuhusu dawa za uzito. Majimbo yanayolipia ni machache, na baadhi yameanza kurudi nyuma kwa sababu ya gharama. Kwa walio chini ya miaka 21, hata hivyo, Medicaid ina wajibu mpana zaidi wa kutoa matibabu yanayohitajika, kwa hiyo mzazi asikubali kuambiwa hapana kwa mdomo tu.

Sasa tuje kwenye barua ya kukataliwa. Isome kama unavyosoma mkataba wa kiwanja. Kuna kukataliwa kwa aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza inasema matibabu haya yametengwa kwenye mkataba, hayalipiwi kwa mtu yeyote. Ya pili inasema yanalipiwa, lakini wewe hujathibitisha kwamba unayahitaji: BMI haikuandikwa, vipimo havikuambatanishwa, hujajaribu njia nyingine kwanza, daktari hakuomba idhini ya awali. Ya kwanza huivunji kwa rufaa. Unaikabili kwa mwajiri, au kwa ugonjwa mwingine ulio nao kweli ambao dawa hiyo hiyo imeidhinishiwa. Ya pili ni suala la makaratasi, na makaratasi yanaweza kukamilishwa. Sipendi kumwona mtu akikata tamaa kwa aina ya pili akidhani ni ya kwanza.

Kwa hiyo jalada lako la ugonjwa lianze kujengwa kabla hujaomba chochote. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, na sababu si uvivu. Tumelelewa mahali ambapo mtu akinenepa huambiwa maisha yamemkubali, na anayekonda ndiye anayeulizwa kama anaumwa. Halafu tunafika nchi ambayo mtu mnene hutazamwa kama aliyeshindwa kujizuia. Kati ya sifa ile na aibu hii, mtu hunyamaza. Anakwenda kwa daktari kwa ajili ya magoti, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani, na neno unene halijaandikwa popote. Miaka mitano baadaye anaomba matibabu, na bima ikifungua kumbukumbu zake inakuta mtu mwenye maumivu ya magoti basi. Mwambie daktari wako wazi: nataka unene wangu uandikwe kama ugonjwa, na uzito na urefu wangu vipimwe kila nikija. Mtajie kila kinachoambatana nao: presha, sukari inayopanda, mafuta kwenye ini, hedhi iliyovurugika, magoti, kukosa pumzi usingizini. Ulichokwisha kujaribu kiandikwe pia, pamoja na mwezi na mwaka: mlo uliobadilisha, mazoezi, kikundi ulichojiunga nacho, dawa nyingine. Kufunga Ramadhani au kufunga kwa maombi hakutahesabiwa na bima kama jaribio la kupunguza uzito, hivyo usikutegemee kwenye jalada. Wafanyakazi wa zamu za usiku, na kwetu ni wengi kwenye nyumba za wazee na maghala, waeleze pia saa wanazolala na kula, kwa sababu mwili unaonyimwa usingizi huongeza uzito kwa urahisi, na mpango wa chakula unaomfaa mtu wa mchana hauwafai.

Anayefikiria upasuaji ajipe muda mrefu zaidi. Bima nyingi bado zinafuata vigezo vya mwaka 1991: BMI ya 40, au 35 pamoja na ugonjwa mwingine. Vyama vya wapasuaji vilishusha vigezo hivyo mwaka 2022, vikisema BMI ya 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mkataba wako ukiwa bado kwenye vigezo vya zamani, daktari wako anaweza kuvitaja vipya katika barua yake. Bima nyingi pia hudai miezi kadhaa mfululizo ya kusimamiwa mlo, mara nyingi mitatu hadi sita, pamoja na tathmini ya mwanasaikolojia. Ukikosa mwezi mmoja katikati, hesabu inaweza kuanza upya. Panga safari ya nyumbani kabla ya miezi hiyo au baada yake.

Ukikataliwa kwa sababu ya ulazima wa kitabibu, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe. Una haki ya kupewa bure nakala ya kila walichokitumia kuamua, pamoja na kigezo chenyewe. Kiombe kwanza, ndipo uandike. Barua nzuri ni fupi: inakitaja kigezo chao kwa maneno yao, kisha inaonyesha ukurasa wa jalada lako unaokitimiza. Daktari aandike yake, aeleze kitakachokupata usipotibiwa. Kwa matibabu ambayo bado hujapata wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30, na ikiwa ni dharura ndani ya saa 72. Wakikataa tena, una miezi minne ya kuomba mapitio ya nje, yanayofanywa na mtu asiyelipwa kwa kukukatalia, na akiamua kwa upande wako kampuni inafungwa na uamuzi huo. Katika bima zinazouzwa kwenye soko la serikali, uchambuzi wa shirika la KFF wa takwimu za mwaka 2023 ulionyesha kwamba rufaa zilikatwa kwa chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa, na kati ya rufaa hizo zaidi ya nne katika kumi zilibadilisha jibu. Nasikitika kila nikiifikiria takwimu hiyo, maana ndani yake kuna watu waliokuwa na haki yao wakaiacha mezani.

Kiingereza kisikuzuie. Kampuni ya bima au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupatia mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo katika lugha zinazopatikana kwa simu. Ukipiga simu, sema neno moja tu, Swahili, usubiri. Usimtumie mtoto wako wa miaka 12 kutafsiri habari za mwili wako na madeni yako. Si haki kwake, na kuna mambo hutayasema mbele yake ambayo daktari alipaswa kuyasikia.

Kabla hujaanza dawa, pima pia kama utaweza kuendelea nayo. Wagonjwa wa jaribio moja kubwa la semaglutide, dawa iliyomo ndani ya Wegovy, walifuatiliwa mwaka mzima baada ya kuacha, na kwa wastani walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza. Maana yake ni kwamba bima ya miezi sita haikufai sana. Ukibadilisha kazi, ulizia orodha ya dawa ya mwajiri mpya kabla ya kutia sahihi, kama unavyoulizia mshahara. Msimu wa kuchagua bima ukifika, kwa kawaida majira ya vuli, usichague mpango kwa kuangalia makato ya mwezi tu. Tafuta jina la dawa yako kwenye orodha, daraja ililowekwa, na kiasi utakachojilipia kwanza kabla bima haijaanza kuchangia. Asiye na njia kabisa ajue kwamba mwaka 2025 mtengenezaji wa Wegovy alianza kuwauzia wagonjwa moja kwa moja kwa chini ya nusu ya bei iliyokuwa ikitangazwa, takriban dola 1,350 kwa mwezi. Bado ni fedha nyingi, lakini si ile bei ya dirishani.

Kalamu za sindano zinazouzwa kwenye vikundi vya WhatsApp, au zinazopakiwa kwenye sanduku kwenda kwa dada Mombasa au shangazi Tanga, nawasihi muachane nazo. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kwenye baridi ya jokofu, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2024 kuhusu semaglutide bandia iliyoonekana katika nchi kadhaa. Anayeichoma bila daktari hana wa kumpunguzia dozi akitapika siku tatu, wala wa kumwambia kwamba dawa zake za kisukari zinatakiwa kubadilishwa. Ukitaka kumsaidia dada, mlipie daktari na vipimo huko huko aliko.

Gharama hizi ndizo zinazowatisha waajiri, na hofu yao ina msingi. Mpango wa afya wa watumishi wa jimbo la North Carolina ulikuwa ukilipia dawa za uzito, na Aprili 2024 ukaacha, kwa sababu bili ilikuwa inakua kuliko mfuko. Waliokuwa wanaendelea vizuri walikatiwa katikati. Ndiyo maana nasema sheria ya kuilazimisha bima kulipia iende pamoja na sheria ya kuibana bei. Moja bila nyingine haidumu. Lakini mwajiri akikwambia haiwezekani, mkumbushe anacholipa tayari: figo, viungo, kiharusi, siku za kutofika kazini. Katika jaribio la watu zaidi ya 17,000 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, waliotumia semaglutide walipungukiwa na mashambulizi ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Barua ya mfanyakazi mmoja huwekwa pembeni. Barua yenye sahihi za watu 30 wa zamu tatu, iliyopelekwa miezi minne au mitano kabla ya mwajiri kufunga mkataba wa mwaka unaofuata, hupangiwa kikao. Isiombe kila kitu: iombe dawa kwa wenye BMI kubwa na ugonjwa mwingine kwanza, pamoja na programu ya ushauri, na iombe kwamba aliyekwisha kuanza asikatiwe ghafla mpango ukibadilika.

Na jimbo likitaka kubadilisha kiwango cha huduma ambacho bima zinapaswa kutoa, kama North Dakota ilivyofanya, linatakiwa kwanza kupokea maoni ya wananchi. Tangazo huwekwa kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo, na si lazima uwe raia ili kutoa maoni. Ukurasa mmoja unatosha: umetibiwa nini, ulikataliwa nini, imekugharimu nini.